Boza Lililotangulia Ndoo Zetu

Kompyuta zilipokuja kwetu zilikuja na kiu. Nalisema hili mapema ili asiyependa manung'uniko aachie hapa hapa, maana nimenyamaza miaka mingi na ukimya haukunisaidia kitu.

Tuliishi pembezoni mwa mji wa Dodoma, ukishaipita Chang'ombe na maduka yake, mahali nyumba za bati zilipoanza kuchanganyika na tembe za wenyeji. Nilikuwa mpiga chapa serikalini hadi siku tuliyoitwa ukumbini, tukasomewa majina na kuambiwa tumepunguzwa. Walilitamka neno hilo kwa upole, kama watu wanaozungumzia chumvi kwenye mchuzi. Serikali inajitoa kwenye biashara, walituambia, soko litaachwa huru. Mimi sikuwahi kufanya biashara na serikali zaidi ya kupiga barua zake, lakini na mimi nilitolewa. Baba wa binti yangu alikuwa amekwisha kwenda zake Mwanza na kuoa huko. Tukabaki wawili, mimi na mtoto, na karai la maandazi. Kila siku ilipofika saa nne, maofisa wanapokunywa chai, nilizunguka na beseni langu katika ofisi zile zile nilizotolewa. Ukichelewa nusu saa tu wameshakunywa chai kavu, na maandazi unarudi nayo nyumbani uyale mwenyewe.

Nguzo yetu nyingine ilikuwa kisima. Kilichimbwa na mradi wa maji kwenye kipande cha shamba alichokitoa bibi mmoja wa Kigogo, na maji yake yalikuwa matamu. Asiyeijua Dodoma hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Visima vingi vya kwetu vina chumvi. Sabuni haitoi povu, chai haikolei, na birika la miezi miwili limeshavaa koti jeupe ndani. Cha kwetu kilikuwa na pampu ya umeme iliyojaza tangi usiku kucha, na chini ya tangi koki moja yenye kufuli. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Kamati ya maji ilinichagua katibu kwa sababu nilikuwa najua kuandika vizuri, na baada ya kupunguzwa nilikifurahia cheo hicho kuliko nilivyopenda watu wajue.

Foleni yetu ilikuwa na sheria zake. Jioni watu walipanga vyombo mstarini, ndoo, madumu, sufuria iliyotoboka sikio, kisha wakaenda kulala. Hakuna aliyegusa chombo cha mwenzake. Ndoo ilisimama badala ya mtu, na kuiruka ndoo ya mtu ilikuwa sawa na kumkanyaga mwenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua koki na kuandika kwenye daftari nani amechota wa ngapi, ili asubuhi ya pili waliokosa watangulie. Watatu tu walikuwa hawapangi: nyumba yenye msiba, mama aliyejifungua, na mgeni aliyetoka mbali. Wawili wa kwanza watu waliweza kuwauliza maswali. Mgeni haulizwi.

Binti yangu alikuwa darasa la saba mwaka huo. Alichota safari mbili, akanawa miguu, na saa moja na robo alikuwa shuleni, kwa sababu mwalimu wa hisabati alifundisha kabla ya kengele, vichwa vikiwa bado vimepoa, akiwaandaa kwa mtihani. Alitaka sekondari. Alikuwa haongei sana, lakini hilo alilisema kila mtu alipomuuliza na hata asipoulizwa. Waliochaguliwa kila mwaka katika shule yao ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kimoja kikabaki, na mwalimu wake alikuwa ameniambia waziwazi kwamba huyu ni mmoja wao, mradi asipoteze hisabati.

Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wamekuja wenye Kituo. Ilikuwa kampuni ya kuhifadhi kumbukumbu za makampuni mengine kwenye kompyuta, jambo ambalo wakati huo hakuna mtaani kwetu aliyelielewa, na mimi niliyekuwa nimezeekea kwenye taipureta nilijifanya naelewa. Meneja wao alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye adabu, shati jeupe lisiloshika vumbi, sijui alifanyaje. Alisimama kwenye mkutano wa mtaa akatueleza.

"Wateja wetu ni mabenki na makampuni makubwa," alisema. "Dar kumejaa, ardhi ghali, hewa ina unyevu. Sasa tunakuja mikoani. Dodoma ni strategic. Watoto wenu watapata ajira hapa hapa, hawana haja ya kwenda mbali."

Tukapiga makofi. Nami nilipiga. Niliyekuwa nimepunguzwa kazi kwa ajili ya maendeleo nilikuwa nayapigia maendeleo makofi, na mikono haikuniuma.

Walijenga jengo refu lisilo na madirisha upande wa pili wa barabara ya vumbi, wakachimba kisima chao. Kikatoa chumvi. Mashine zao zilipozwa kwa mitambo inayotumia maji, na maji ya chumvi yangeyala mabomba yake kama yalivyokula mabirika yetu. Kwa hiyo asubuhi moja, mwanzoni mwa mwaka ule wa darasa la saba, boza, lori la tangi la kubebea maji, lilikuja likasimama kwenye kisima chetu. Dereva akashuka, akavua kofia, akamwamkia yule bibi mwenye shamba, aliyekuwa amekaa juu ya dumu lake akisubiri zamu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Nimetoka Dar na hili gari, bibi. Nimeingia jana. Nimetumwa maji."

Bibi akatugeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu maneno, hakulipoteza hata moja. "Huyu mgeni," alisema. "Achote, aende."

Hakuna aliyeguna. Wanawake walisogeza ndoo zao, mmoja akamsaidia dereva kuburuta mpira. Mimi nikafungua daftari nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *La kwanza, boza, mgeni.* Binti yangu alikuwa wa nne asubuhi hiyo. Boza lilipoondoka tangi lilikuwa limekauka, na pampu ikabidi ianze upya. Maji yalirudi saa nne.

Siku ya pili likaja tena, na tena alikuwa mgeni. Siku ya tatu nilimtania, "Dereva, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lako liko wapi?" Wote wakacheka, na yeye akacheka, akajaza ndoo ya mama mmoja mjamzito akampelekea hadi mlangoni. Kisha akarudi akajaza boza lake kabla ya ndoo nyingine zote, kama kawaida. Ningeudhika naye kama angekuwa mkorofi. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulitufunga midomo kuliko ukorofi.

Wiki zikapita. Kila asubuhi kila mmoja wetu alisubiri mwenzake aseme. Bibi aliyetoa shamba hakusema, nani mwingine aseme? Kumwambia mgeni leo hutangulii ni kumwambia tulikuwa tunakuhesabia siku. Mtu wa kwetu afadhali alale na kiu. Na mimi kila asubuhi nikaandika, *la kwanza, boza*. Neno "mgeni" nililiacha baada ya siku chache, kwa uvivu tu wa mkono.

Nyumbani hesabu ilikuwa hivi. Maji yalirudi saa nne, na saa nne mimi nilikuwa kwenye korido za ofisi na beseni. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye karai. Bila maji hakuna unga unaokandwa kwa ajili ya kesho. Nikawa namwachia bibi mwenye shamba ufunguo, na mtoto nikamwambia asubiri kisimani achote, kisha akimbie shule. Nilimwambia ni wiki mbili tu, mpaka hawa watu watafute maji yao. Akaitika, "Sawa mama." Akawa anaingia darasani baada ya mapumziko, hisabati imepita, miguu imejaa vumbi. Nilijua. Sitaki mtu anihurumie kwa kudhani sikujua. Daftari lake lilikuwa na kurasa nyeupe na mimi ndiye niliyeuza maandazi.

Mwezi wa tatu ulipokwisha nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata mwenyekiti wa mtaa, naye kwa heshima yake akaniandalia kikao na meneja na ofisa wa maji. Niliingia nimefunga kitenge vizuri na maneno yangu nimeyapanga. Nikaeleza tangi, pampu, saa nne, watoto wa shule. Nikaomba jambo moja: boza lije saa sita, tukishachota sote. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. Nakiri nilimpenda kwa hilo.

"Mama, point yako naielewa kabisa," alisema. "Mnaweka kumbukumbu zozote pale kisimani?"

Nikamwambia ninaweka daftari, na hakuna siku iliyorukwa. Akaomba alione tu, alisome. Nikampa. Mpiga chapa mzima, niliyefundishwa kwamba jalada halitoki masjala bila saini, nilimkabidhi daftari la kisima mtu niliyekwenda kumlalamikia, kwa sababu alisifu mwandiko.

Wiki iliyofuata tukaitwa tena. Mezani kulikuwa na nakala za kurasa zangu, safi, zimebanwa pamoja. Ofisa wa maji alizifunua moja moja mbele yetu. La kwanza, boza. La kwanza, boza. La kwanza, boza.

"Sasa mama," alisema, "mbona utaratibu mmeuweka wenyewe? Hapa hakuna malalamiko hata siku moja. Kama mngekuwa mnaonewa, si mngeandika?"

Nikasema ule ulikuwa ugeni. Akaniuliza ugeni umeandikwa wapi. Nikamwonyesha kurasa za mwanzo. Meneja akatabasamu kwa adabu, akasema basi wamekwisha kuwa wenyeji, jambo ambalo ni zuri, na kwamba mashine zao haziwezi kusubiri, zinafanya kazi usiku na mchana, zikipata joto kumbukumbu za watu zinapotea. Mwenyekiti akatazama dari. Kikao kikafungwa bila amri yoyote. Hakuna aliyetuandikia barua kwamba boza ni la kwanza. Hawakuwa na haja, walikuwa na mwandiko wangu.

Nilitoka pale na hasira, nikaipeleka nyumbani ikamwangukia mtoto, kwamba ndoo yake haikusuguliwa. Akaichukua akaenda kuisugua.

Mtihani ukafika mwezi wa tisa. Siku hizo mbili nilichota mimi, nikakosa kuuza, na alikwenda shule mapema amevaa sketi iliyonyooshwa. Alirudi siku ya hisabati akaniambia yalikuwepo maswali ambayo wenzake walitoka wakiyazungumza, na yeye hakuwahi kuyaona maishani. Hakulia. Alisema tu kwamba hakuwahi kuyaona.

Uzinduzi wa Kituo ulifanyika baadaye, ingawa mashine zilikuwa zimekwisha kufanya kazi karibu mwaka mzima. Walikuwa wanamsubiri mgeni rasmi. Kamati ya maji tulialikwa kama majirani wema, tukapewa soda na kofia, kisha kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akatupitisha ndani. Kulikuwa na baridi kama ya Kondoa mwezi wa saba. Makabati marefu yamepangwa mstari, taa ndogo zinapepesa, na sauti moja ya kuvuma isiyokoma. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Bibi mwenye shamba alijifunga khanga mabegani, akatazama huku na huku.

"Wanaokunywa maji wako wapi?" aliuliza.

"Hakuna watu bibi, ni kumbukumbu," kijana alimjibu. "Za wateja wa benki. Wa mikoa yote, mpaka nchi za jirani."

Bibi akafikiri. "Mimi nakumbuka ng'ombe wa baba yangu wote, na rangi zao," alisema. "Sijanywa boza."

Tulicheka, hata kijana alicheka. Lakini yeye hakuwa anatania. Alimuuliza tena kama humo ndani ipo kumbukumbu ya mtu yeyote wa mtaa wetu, na kijana akasema hapana, labda baadaye, huduma zikishafika huku. Siku hiyo bibi hakuigusa soda yake.

Tulipotokea mlango wa nyuma nikaona matangi. Matatu, ya chuma, makubwa kuliko nyumba yangu. Nikamuuliza kijana ni ya nini. Akanieleza kwa fahari kwamba ni akiba: hata boza lisipokuja siku kadhaa mfululizo, Kituo hakiwezi kuzima.

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Siku kadhaa. Na mimi nilikuwa nimeomba masaa sita. Nilikuwa nimekaa mbele ya yule kijana wa shati jeupe nimefunga kitenge changu kizuri, nikiomba masaa sita kama mtu anayeomba figo, naye akaniambia mashine haziwezi kusubiri, huku akijua kwamba nyuma ya ukuta wake kuna maji ya kutosha kuzisubirisha mpaka mtoto wangu asome hisabati yote ya wiki. Alidanganya kwa adabu. Nimeonewa na watu wakali maishani na nimewasamehe wengi. Huyu sijamsamehe, na sina mpango huo.

Matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimechelewa. Binti alikwenda peke yake, hakutaka nimsindikize. Waliochaguliwa walikuwa wanne, wavulana watatu na msichana mmoja. Msichana huyo alikuwa amekaa naye dawati moja, na nyumbani kwao walikuwa na bomba lao. Mwalimu wa hisabati aliniambia baadaye kwamba alama zilizokosekana hazikuzidi swali moja au mawili. Alidhani ananifariji.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kisimani na daftari. Boza lilikuwa limefika, mpira umeshaingia, maji yanatiririka tumboni mwake. Binti akaja na ndoo. Hakuwa na haja ya kuwahi popote sasa, lakini alikuja saa kumi na mbili ile ile. Dereva alimwona.

"Binti, hongera, nasikia umemaliza shule."

"Asante. Shikamoo."

"Marahaba."

Akaweka ndoo yake mwisho wa mstari, akasimama nyuma yake mikono imekunjwa. Nilimtazama akimwamkia mtu yule kwa heshima yote niliyomfundisha. Nikaenda kwenye koki nikaifunga. Mpira ukalegea. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimejiandaa kwa ofisa wa maji, kwa mwenyekiti, hata kwa polisi. Nilimwambia dereva kwamba kuanzia leo ndoo ndizo zitatangulia, na kwamba akitaka akamwambie meneja wake aje anipokonye ufunguo.

Dereva akautoa mpira, akaukunja, akauweka pembeni. Akarudisha boza nyuma ili lisizibe njia, akazima injini. Kisha akaja akasimama karibu yangu, kofia mkononi, akiwa na haya kama mtu aliyejikuta amekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Samahani mama," alisema. "Mimi nilijua mlikubaliana. Maji yao wala hayana haraka, wakati mwingine nafika pale matangi yamejaa, nasubiri mpaka jioni kushusha. Ungeniambia tangu mwanzo, ningekuwa nakuja mchana."

Nilikuwa nimekwenda kwa mwenyekiti, kwa meneja, kwa ofisa. Kwa mtu aliyeshika mpira, niliyeonana naye kila siku ya Mungu mwaka mzima, nilikuwa nimesema maneno ya jembe tu, tena kwa kucheka.

Wanawake walimwita binti yangu kutoka mwisho wa mstari, wakasogeza ndoo zao, wakasema achote yeye kwanza. Ndoo ikajaa. Akaiinua kichwani bila kusaidiwa. Mstari ulikuwa umezunguka tangi, akawa amesimama hatua mbili kutoka kwetu wakati dereva anazungumza, na alikuwa amesikia kila neno. Akanitazama mimi, akatazama ufunguo mkononi mwangu, kisha akashika njia ya nyumbani taratibu, maji yasimwagike.

Hakuniuliza kitu. Leo ni mama wa watoto watatu, na bado hajaniuliza.